Difyuza ya kujitengenezea: karatasi, shuka, pazia la bafu au boksi la katoni?

Kama umeshaamua hununui difyuza ya dukani, yaani kile kitu cha kupitisha na kulainisha mwanga wa taa ukipiga picha, ila umekwama kwenye swali la "sasa nitumie nini", hapa nimepanga vitu vinne ambavyo watu wanavitumia sana. Vyote vinafanya kazi na vyote vina sehemu vinazingua. Chupa na makopo ya kufunika flashi ndogo nimeyaweka mwishoni manake hayo yana mambo yake.

Ila kabla ya matirio yenyewe kuna jambo moja lazima likae sawa kichwani, bila hilo utabadilisha vitambaa mpaka uchoke. Kinacholainisha kivuli ni ukubwa wa kitu kinachowaka, ukikiangalia kutoka pale alipo mtu unayempiga picha. Matirio inakuja baadae kabisa. Jua lina kipenyo cha karibu kilomita milioni 1.4 lakini liko mbali, kama kilomita milioni 150, kwa hiyo tunaliona kiduara kidogo tu angani na ndo maana saa sita mchana vivuli vinakuwa vikali hivyo, alafu likitanda wingu mbingu nzima inageuka kuwa taa na vivuli vinayeyuka. Difyuza yako inafanya kazi ya lile wingu. Ukitengeneza ya sentimita 20 ukaiweka mita 3 kutoka kwa mtu, hata iwe ya hariri, kivuli cha pua kitabaki kikali. Ya mita moja ikikaa mita moja kutoka usoni, hata kama ni shuka kuukuu, mwanga unakuwa laini. Kipimo cha kuanzia ni hicho hicho, yaani umbali wa difyuza hadi kwa mtu usizidi sana upana wa difyuza yenyewe.

Vitu vya kuangalia

Cha kwanza ni ukubwa unaoweza kuupata kwa matirio hiyo bila kuunga unga, sababu nimeshaieleza.

Cha pili ni jinsi inavyosambaza mwanga. Kuna vitambaa na plastiki vinaonekana vyeupe kumbe mwanga mwingi unapenya umenyooka tu, unapata kivuli kikali ndani ya kivuli laini, picha inakuwa ya ajabu. Kupima ni rahisi: shika matirio mbele ya balbu ya kawaida ya nyumbani uangalie kupitia humo. Ukiona umbo la balbu, ni nyepesi mno, weka tabaka la pili. Ukiona mng'ao mweupe tu uliotapakaa, uko vizuri. Usifanye jaribio hili kwa jua wala kwa flashi, macho hayana spea.

Tatu, mwanga unaopotea. Wapiga picha tunahesabu kwa stopu, stopu moja ni nusu ya mwanga. Kujua difyuza yako inakula kiasi gani weka kamera kwenye manyuo (unapanga mwenyewe, sio kamera ikuamulie), piga ukuta mweupe bila difyuza, kisha weka difyuza upunguze spidi ya shata (kasi ya kamera kujifungua na kujifunga) mpaka picha irudi mwanga ule ule. Ukitoka 1/200 ya sekunde mpaka 1/50 umepoteza stopu mbili, ambazo unaweza kuzirudisha pia kwa kupandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) kutoka 100 mpaka 400. Hii kipimo ni kwa taa zinazowaka muda wote. Ukitumia flashi usiguse shata, pandisha nguvu ya flashi au ISO, manake spidi ya shata haibadilishi sana mwanga wa flashi.

Nne ni rangi. Tano ni joto, na hili la joto silifanyii mzaha hata kidogo. Sita ni mwonekano wake kwenye vitu vinavyong'aa, manake chupa, saa, miwani na hata mboni ya jicho vinaakisi difyuza yenyewe, mikunjo na selotepu vyote vitaonekana. Mwisho ni usumbufu, yaani kujenga, kubeba, upepo, kuhifadhi.

Karatasi: ya kuokea au tresi

Hapa nazungumzia karatasi ile nyeupe ya kuwekea kwenye oveni, na tresi, ile karatasi ya kupitisha mwanga wanayotumia wachoraji wa ramani za nyumba. Unaibandika kwenye fremu ya mbao au ya katoni ngumu, kazi imeisha.

Kwa ukubwa, ya kuokea inakubana kwasababu rola zake nyingi ni nyembamba, sentimita 30 na kitu. Ukitaka kubwa inabidi uunge na ile mistari ya kuunga itajionyesha. Tresi iko vizuri zaidi hapa, inapatikana kwa saizi za A1, ambayo ni milimita 594 kwa 841, na A0 ambayo ni 841 kwa 1189, pia kwa rola.

Kwa kusambaza mwanga karatasi iko juu sana, haina nyuzi wala matundu kama kitambaa kwa hiyo mwanga unatoka umelainika sawasawa, na kwenye vitu vinavyong'aa ndo inapoonyesha utamu wake: ule mwako kwenye chupa unaanza mweupe unafifia taratibu mpaka giza bila doa wala kinyuzi. Watu wanaopiga picha za manukato na saa wanapenda tresi kwa sababu hiyo hiyo. Sharti moja tu, taa isibanwe kwenye karatasi. Ukiisogeza nyuma kidogo inajaza karatasi yote, ukiibana unapata doa la katikati linalowaka na pembeni giza, na hapo difyuza yako "kubwa" imegeuka kuwa na ukubwa wa lile doa.

Mwanga unaopotea ni wa wastani, tabaka moja kwa kawaida halikuumizi sana. Karatasi ya printa ya kawaida ndo usiifikirie, ni nzito inameza mwanga mwingi.

Rangi, chagua nyeupe. Ile ya kuokea ya kahawia inageuza mwanga kuwa wa njano njano.

Joto sasa. Kuna watu wanajifariji kwamba karatasi ya kuokea inavumilia oveni, na ni kweli nyingi zimetengenezwa kwa nyuzi joto kama 220, lakini kioo cha balbu ya halojeni kinapita nyuzi 250 ikiwa inawaka, kwa hiyo usiisogeze karibu na taa hizo. Na uangalie usije ukachukua karatasi ya nta ukidhani ndo hii, nta inayeyuka na inashika moto. Kwa LED na flashi hakuna tatizo ilimradi kuna nafasi ya hewa.

Usumbufu wake mkubwa ni kwamba inachanika, na nje kwenye upepo inapiga kelele na kutoboka. Unyevu pia unaifanya ivimbe mawimbi. Inamfaa anayepiga picha za vitu mezani, ndani, vitu vya kioo na chuma hasa, na asiyehitaji kuhama hama.

Shuka au kitambaa cheupe

Hii ndo ya wengi, kwasababu shuka lipo tayari.

Ukubwa hauna mpinzani. Shuka moja la kitanda ni zaidi ya mita moja na nusu kwa mita mbili, na kwa picha za mtu mzima kutoka kichwa mpaka miguu huwezi kulipata hilo kirahisi kwa karatasi. Litundike kwenye kamba, dirishani, au kwenye fremu ya mabomba ya PVC na vile viungo vyake vya kona, usigandishe na gundi ili ufungue ubebe.

Kusambaza mwanga inategemea ufumaji. Shuka la pamba lililofumwa kwa kubana linalainisha vizuri, ila pazia la wavu lile jepesi linapitisha mwanga umenyooka, kwa hiyo fanya lile jaribio la balbu kabla ya kujenga fremu. Pia kitambaa cheupe kinarudisha mwanga mwingi nyuma, na ule uliorudi unagonga kuta na dari na kuzunguka chumba kizima. Chumba chenye kuta nyeupe unapata mwanga laini mno, wengine wanaupenda, wengine wanalalamika picha imekosa nguvu. Chumba chenye kuta za rangi ya kijani basi mtu wako naye atapata ukijani kidogo shavuni, usishangae.

Hasara ya mwanga ni kubwa kuliko vingine, kama stopu mbili ni kawaida na shuka zito linavuka hapo. Kwa dirisha lenye jua hiyo sio shida, jua lina mwanga wa kumwaga. Kwa flashi ndogo ya betri ni shida, unaiwasha nguvu zote kila picha, unasubiri ichaji, mtu wako anaanza kuangalia simu.

Rangi ndo sehemu inayowashangaza wengi. Mashuka meupe na sabuni nyingi za kufulia vina kemikali za kung'arisha ambazo zinachukua mionzi ya UV na kuitoa kama mwanga wa bluu, na jua na flashi nyingi zina UV, kwa hiyo shuka "jeupe pee" linaweza kukupa picha zenye ubaridi wa bluu. Sio janga. Piga kadi ya kijivu chini ya mwanga ule ule, weka waiti balansi hapo (yaani iambie kamera kijivu ni kipi ili rangi zikae sawa), piga RAW, lile faili ghafi linaloediitika zaidi, imekwisha. Kinachoshindikana ni kuchanganya, taa moja kupitia shuka la bluu bluu na nyingine kupitia karatasi ya kahawia, hapo waiti balansi moja haiwezi kutibu pande zote mbili za uso na utakesha unaediti. Kila taa ipite kwenye matirio ile ile.

Joto: pamba inaungua, poliesta inayeyuka, chagua unachokiogopa zaidi. Mbali na taa za moto.

Kwa vitu vinavyong'aa mikunjo inaonekana yote, pasi inasaidia, ila nyuzi zake kwa karibu bado utaziona kwenye kioo. Upepo nje unaligeuza tanga, stendi inaanguka na taa juu yake, kwa hiyo uwe na mtu wa kushika au mfuko wa mchanga miguuni pa stendi. Kwa upande mwingine linafuliwa, linakunjwa, linaingia kwenye begi. Inamfaa anayepiga watu, familia, nguo, na yeyote mwenye dirisha zuri.

Pazia la bafu la plastiki

Sio lile la maua. Nazungumzia lile jeupe kama maziwa, au lenye ukungu.

Mapazia mengi ni karibu mita 1.8 kwa 1.8, kwa hiyo kwa ukubwa linacheza ligi moja na shuka, tena lina matundu tayari juu ya kupitishia kamba au vifungio, fremu yake inakuwa rahisi kuliko zote.

Kusambaza mwanga ndo kamari, manake kuna mapazia mawili yanafanana kwa macho ila moja linapitisha balbu ionekane kabisa na lingine linaificha. Likiwa jepesi, tumia mawili yenye nafasi katikati, kama sentimita 10 hivi au zaidi, usiyagandishe pamoja. Ile nafasi inasaidia kweli, tabaka la kwanza linatawanya mwanga na la pili linapokea mwanga uliokwisha tawanyika, lile doa la katikati linapungua sana.

Kwa upotevu wa mwanga hapa ndo linashinda shuka, plastiki ya ukungu tabaka moja inapitisha zaidi, na kwa wenye taa dhaifu hiyo ni tofauti ya kupiga ISO ndogo au picha yenye chenga.

Rangi ikiwa mpya ni safi, ila plastiki ikikaa juani muda mrefu inaanza kuwa njano na mwanga wako unaifuata. Kabla hujalaumu kamera, weka pazia juu ya karatasi nyeupe uone.

Joto ni adui namba moja wa hii. Plastiki hizi zinalegea kabla hata ya maji kuchemka, zinanuka, zinanata. LED au flashi tu, na LED nazo zile kubwa zinapata moto mgongoni, usizizungushie plastiki zikakosa hewa.

Kwenye vitu vinavyong'aa, pazia jipya linakuja na mistari ya kukunjwa kiwandani na inaonekana kwenye chupa kama ngazi. Litundike bafuni ukiwa unaoga maji ya moto, au juani kwa muda, itanyooka. Nje halijali mvua wala umande, ukishamaliza unalipangusa tu. Upepo linaumia sawa na shuka, labda zaidi kwasababu halipitishi hewa kabisa. Linamfaa anayepiga watu kwa flashi ndogo au taa za LED zisizo na nguvu, na anayefanya kazi nje nje.

Boksi la katoni

Hii ni tofauti kidogo na zile tatu, manake mbele yake bado utaweka karatasi, kitambaa au plastiki. Unachoongeza ni kuta. Chukua katoni, toa upande mmoja, ndani bandika foili au karatasi nyeupe, nyuma toboa tundu la taa, mbele funika na matirio yako. Hapo una softboksi. (Usichanganye na lile boksi la kupigia bidhaa ambalo kitu kinaingia ndani na taa zinabaki nje, lile ni hema la mwanga, linafaa kwa vitu vidogo lakini sio mada ya leo.)

Ukubwa unabanwa na katoni uliyoipata, na likizidi nusu mita linaanza kulegea kona na kuwa zito, stendi nyepesi haiwezi na kwenye kiatu cha flashi juu ya kamera usijaribu kabisa.

Mwanga unavyotoka unategemea ndani. Foili inasukuma mwanga mwingi mbele ila inaleta madoa, ikunje kunje kwanza kisha uinyooshe ndo uibandike, madoa yanapungua. Upande wa kung'aa au wa kufifia, watu wanabishana sana lakini tofauti ni ndogo huwezi kuiona kwenye picha. Karatasi nyeupe ndani inapoteza mwanga kidogo lakini inatoka sawasawa zaidi. Jinsi ya kujua kama liko sawa: piga picha ya uso wa boksi lenyewe likiwa linawaka, punguza mwanga mpaka pasiwe peupe patupu, ukiona katikati pamewaka kuliko kona basi sogeza taa nyuma au weka kipande cha karatasi ndani, katikati ya taa na uso wa mbele.

Faida yake ambayo zile tatu hazina ni uelekeo. Mwanga hautapakai chumbani, unaenda ulikouelekeza, kuta za nyuma zinabaki giza ukitaka giza. Kwa chumba kidogo chenye kuta za rangi hii ni kubwa sana. Na kwasababu mwanga ambao ungeenda pembeni unarudishwa mbele, hasara yake sio mbaya hata kwa flashi ndogo.

Rangi inafuata unachoweka ndani na mbele, katoni tupu ya kahawia bila kufunikwa inaupa mwanga rangi yake, kwa hiyo funika ndani pote, hata kona.

Joto: boksi limefungwa, hewa haizunguki. Toboa matundu juu na nyuma, tumia LED au flashi tu, balbu za moto ndani ya katoni ni kujitafutia moto wa kweli. Zima ukitoka chumbani.

Kwenye vitu vinavyong'aa linaakisi pembe nne zilizonyooka, safi, linapendeza kwenye jicho la mtu kama dirisha. Usumbufu ni kuhifadhi, halikunjiki, linakaa kona ya chumba linakutazama. Linamfaa mwenye sehemu yake ya kudumu ya kupigia, na anayetaka kuamua kivuli kiangukie wapi.

Chupa na makopo ya flashi ndogo

Kipande cha chupa nyeupe ya plastiki juu ya flashi ni kidogo kama flashi yenyewe, kwa hiyo kwa mtu aliyeko mita mbili hakilainishi kitu. Ndani kinasaidia kwasababu kinatupa mwanga kwenye dari na kuta na hizo ndo zinakuwa taa kubwa, nje pasipo na kuta kinakula betri tu. Ila kwa picha za wadudu na maua kwa karibu, kila kitu kinageuka: difyuza ya sentimita 10 ikiwa sentimita 5 kutoka kwa mende ni mbingu nzima kwake, na gamba lake linalong'aa linaacha kuwa na doa jeupe la kuunguza.

Sasa, kwa hali yako

Kama unapiga watu na una dirisha linalopata jua, shuka linatosha, anza leo. Dirisha lisilopata jua la moja kwa moja halihitaji hata shuka, mwanga wake umeshakuwa laini tayari, ukilifunika unapoteza mwanga bure. Wa simu nao ni hivyo hivyo, achana na kufunika kile kitaa cha simu, msogeze mtu dirishani.

Kama unapiga watu kwa flashi moja ya betri, pazia la bafu au boksi, shuka litakumalizia nguvu. Kati ya hayo mawili, uamuzi ni chumba: kuta nyeupe na nafasi ipo, pazia, chumba kidogo au kuta za rangi, boksi.

Kama ni bidhaa za kioo, chuma, chupa, tresi kwenye fremu, taa nyuma yake unaisogeza mbele na nyuma mpaka ule mwako uupende. Kama bidhaa zako hazing'ai, nguo, viatu vya kitambaa, vitabu, usihangaike na tresi, kitambaa au boksi vitakupa kitu kile kile.

Kama una taa za halojeni tu, usifunike na chochote kati ya hivi. Zigeuzie kwenye ukuta mweupe au dari, ukuta ndo uwe difyuza yako, mpaka utakapopata LED.

Na kama unapiga kila kitu, leo mtu kesho chupa, jenga boksi ambalo uso wake wa mbele unatoka, uwe na fremu mbili za kubadilisha, moja ya kitambaa moja ya tresi, kisha uandike kwa kalamu nyuma ya kila fremu stopu inazokula ili usiwe unapima upya kila ukiitoa.